Projekta Ikigoma: Somo kutoka Vugiri, 1935

Uko Busi, Kondoa. Darasa limejaa, taa ya projekta inawaka, ila ukutani hakuna picha. Usiseme imekufa!

Mwaka 1935, mradi wa sinema za elimu wa Meja Notcutt ulianza Vugiri, milima ya Usambara. Lori lilipeleka filamu vijijini: picha kwenye mkanda, sauti kwenye santuri. Mkanda ukikatika na kuungwa, vipande hupotea. Santuri haina habari, basi maneno yanachelewa. Mashine zote nzima, ila haziendi pamoja.

Leo ni vilevile. Kaza waya, chagua chanzo sahihi, kisha bonyeza Windows na P kwenye laptop. Mradi uliisha 1937, somo limebaki: anza pale vifaa viwili vinapokutana.