Kuvunda, Kuvunja na Kubomoa: Historia ya Vitenzi vya Uharibifu katika Mombasa Bara

Kitenzi kuvunda kina maana mbili zisizokaribiana. Katika Kiswahili Sanifu, kitu kilichovunda ni kile kilichooza kikatoa uvundo. Katika Kimvita, kuvunda ni kile kitendo ambacho Waunguja hukiita kuvunja. Mgeni aambiwapo Likoni kwamba mlango umevundika, asidhani kuwa mbao zake zimeoza.

Hili si kosa la matamshi. Mahali pengi penye /nj/ ya Kiunguja, Kimvita kina /nd/: njaa ni ndaa, njia ni ndia, njoo ni ndoo. Vivyo hivyo nchi ni nti, na ile methali ya mvunja nchi, kwa Kimvita, ni mvunda nti ni mwananti. Upande wa bara lipo na umbo la tatu, kwani Wadigo na Wagiriama husema kuvunza, kama wasemavyo nzala kwa njaa. Kwa hiyo masikio ya mtu wa Likoni au Kisauni yamezoea maumbo matatu ya kitenzi kimoja, wala hakuna linalomtatiza.

Wamishenari wa kwanza walikifuata Kimvita. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliitegemea sana lahaja hiyo katika kamusi yake iliyochapishwa 1882. Huko Kisauni, misheni ya CMS ilianzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Miongoni mwao walikuwamo Wayao na Wamakua, na Kiswahili kilichowazunguka hapo kilikuwa Kimvita. Kisha ukaja mkutano wa 1928, ambao ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Mkutano huo, ajabu, ulifanyika Mombasa yenyewe. Tangu hapo mtoto wa Kimvita aandikapo "amevunda kikombe" ameandika sentensi ambayo kwa kipimo cha usanifu haina maana, ingawa bibi yake aielewa vyema. Ni vigumu kuuita uamuzi huo wa kiisimu tu. Changamwe, reli iliyoanza kujengwa 1896, na baadaye kiwanda cha kusafishia mafuta cha 1963, vilileta wafanyakazi wa kutoka mbali, na hapo kuvunja kukapata nguvu ambayo vitabu peke yake visingeipa.

Kimaana, kuvunja (au kuvunda) hakuharibu kila mara. Huvunjwa ahadi na ndoa, lakini pia huvunjwa baraza, na msichana avunjaye ungo hakupoteza kitu. Nyumba iliyovunjwa huenda imeingiliwa na wezi tu, na kuta zake zi imara. Kubomoa hakuna upana huo. Hutaka kitu kilichojengwa, nacho kianguke.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Mombasa bara. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayathibitishe, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Baada ya hapo wengi wa Likoni na Kisauni wamejenga juu ya ardhi isiyo yao: nyumba ni yake, kiwanja ni cha mwingine. Mwenye nyumba ya namna hiyo akisikia kuwa nyumba ya jirani imevundwa, atauliza kilichoibwa. Akisikia imebomolewa, atauliza ni nani mwenye kiwanja.