KITOCHI KILIVYOIPIGA BAO KOMPYUTA NGARA NA BIHARAMULO

Wadau, kabla ya kumcheka bibi anayemuita mjukuu amsomee meseji, tujue kwanza haya mambo yalianzia wapi.

Zamani kompyuta ilitaka uiandikie amri kwa Kiingereza. Ukikosea herufi moja, haikuelewi. Mwaka 1984 Apple wakatoa Macintosh, yenye picha ndogo ndogo unazobofya kwa mausi. Kazi ikawa nyepesi, ila bado ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa huko. Kwa mtu wa Ngara aliyekua na Kihangaza au Kishubi, akakutana na Kiswahili shuleni, Kiingereza ni lugha ya tatu.

Bongo walijaribu kurekebisha. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili tena ya bure. Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili. Lakini nenda stationery yoyote leo, kompyuta nyingi bado ni Kiingereza. Vijana wa pale walishazoea "file" na "save", maneno mapya ya Kiswahili yakawa mageni kwao pia.

Kitochi kikapita njia nyingine. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuja na tochi, vitufe visivyoingiza vumbi na menyu fupi. Kisha 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Unapiga *150*00#, unaona "tuma pesa", "toa pesa", unachagua namba. Mama muuza ndizi wa Nyakanazi alikuwa anayatumia maneno hayo hata kabla simu haijafika. Hakuna cha kufundishwa.

Tatizo limebaki kwa asiyejua kusoma. Mzee wa Kabanga akitaka kutoa hela ya kahawa, anampa mtu simu na namba ya siri juu. Akiwa mwema, sawa. Akiwa mjanja, msimu mzima umekwenda.

Kwa hiyo urahisi wa mfumo haupimwi kwa urembo wa kioo. Unapimwa kwa hili: mwenye simu anaweza kufanya yake mwenyewe, siri yake ikabaki yake? Kwa mzee huyo, dawa ni simu inayomsomea kwa sauti, ikiwezekana kwa Kihangaza.

Kwenu nani bado anampa mtu namba ya siri?