Ruthu na Mbegha: ndoa iliyozaa ufalme

Katika maandiko ya Kiebrania, kusudi la Mungu hupitia mara nyingi katika mambo ya nyumbani: posa, mahari, ujane na kuzaliwa kwa mtoto. Maandiko hayo yalipoanza kufundishwa katika milima ya Usambara, Wasambaa wa Malindi, Mlalo na Vuga walikuwa na masimulizi yao ya kale juu ya mambo hayohayo.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi 1852. Mafundisho ya kudumu katika milima ya Lushoto yalianza 1891, pale Paul Wohlrab na Ernst Johanssen, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, walipofungua kituo Mlalo. Karl Roehl, aliyehudumu Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa iliyochapishwa 1911, baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili; ilitoka 1937.

Masimulizi ya Wasambaa humtaja Mbegha, mwindaji mgeni kutoka Nguu, aliyefukuzwa na nduguze kwa kuwa alizaliwa kigego, mtoto aliyedhaniwa kuleta mkosi. Aliwagawia wenyeji nyama, wakampa wake, wakamtawaza Vuga. Wanawe walishika utawala wakiungwa mkono na wajomba zao, na Buge akamrithi. Ndoa ndizo zilizofunga koo za milimani katika ufalme mmoja wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha.

Kitabu cha Ruthu nacho kinaanza na njaa na kuishia kwenye ukoo wa mfalme. Kwa Wasambaa, njaa ilikuwa dalili ya nchi iliyoharibika, na kuiponya nchi, kuzifya shi, ilikuwa kazi ya mfalme. Katika kitabu hiki, njaa inawatoa Elimeleki na Naomi Bethlehemu hadi Moabu. Huko Elimeleki anafariki, kisha wanawe wawili waliokwisha kuoa. Naomi anawaambia wakwe zake warudi kwa mama zao. Orpa anarudi, Ruthu anaandamana na mama mkwe asiye na chochote cha kumpa.

Bethlehemu, Ruthu anaokota masazo ya shayiri katika shamba la Boazi, jamaa wa marehemu Elimeleki. Suala la shamba na mjane linaamuliwa langoni mwa mji mbele ya wazee kumi. Jamaa aliye karibu zaidi yuko tayari kununua shamba, lakini akisikia kwamba mjane yumo anajitoa, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Boazi anaupokea wajibu huo. Ruthu anamzaa Obedi, baba wa Yese, baba wa Daudi.

Desturi ya jamaa kumrithi mjane ilijulikana vizuri Usambara, kwa hiyo baraza la langoni halikuhitaji maelezo marefu. Tofauti iko kwenye nguvu inayousukuma ukoo mbele. Wana wa Mbegha walikuwa na wajomba. Ruthu hana ndugu hata mmoja Bethlehemu, naye ni Mmoabu, wa taifa ambalo Torati inalizuia kuingia katika kusanyiko la Bwana. Tena hasubiri wanaume wampangie: ndiye anayemwendea Boazi usiku kwenye uwanja wa kupuria na kumtaka atimize wajibu wa jamaa. Tanganyika nayo, katika tamko la sheria za mila la 1963, iliweka desturi ya kumrithi mjane chini ya ridhaa ya mjane mwenyewe.

Katika kitabu chote Mungu hasemi na mtu, hatumi nabii wala haonekani katika ndoto. Anawapa watu wake chakula na anampa Ruthu mimba. Mengine yote yanatendwa na watu wanaopendana kwa uaminifu. Orodha ya mwisho ina vizazi kumi, kutoka Peresi hadi Daudi. Peresi mwenyewe alizaliwa na Tamari, mjane aliyenyimwa haki yake na Yuda, baba mkwe wake. Hivyo ukoo wa Daudi uliokolewa mara mbili na mjane aliyekataa nyumba ya mumewe ipotee.