Kodi ya Nyumba, Mara Tatu

Kila tarehe tano mama mwenye nyumba hunitumia ujumbe wa maneno manne: "Kodi ya nyumba, kijana." Ninaishi Milimani, Nakuru, lakini usinionee wivu bado. Ni SQ, chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa ya kizamani, ile ya paa la vigae na bomba la moshi, iliyojengwa enzi ambazo watu kama mimi waliingia kwa mlango wa jikoni.

Shosho akisikia maneno hayo hamfikirii mwenye nyumba. Anamkumbuka babake, skwota kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, na risiti za kodi alizozificha kwa mkebe wa majani chai. Mama naye, akisoma karatasi yake ya mshahara, anaona nyumba ya tatu: asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambazo hajui kama atawahi kuingia. Maneno ni yale yale, vizazi vitatu.

Nilianza kuchimba historia hii kwa sababu ya ujinga nilioufanya Juni mwaka jana. Nitaufikia.

Kodi ya nyumba ya kwanza ilikuja 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Waingereza walihesabu nyumba za Waafrika na kila moja ikatozwa rupia. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi akalipa mara tatu. Watu si wajinga. Wengine walijibana wengi ndani ya nyumba moja ili wapunguze hesabu. Serikali nayo ikajibu 1910 kwa kodi ya kichwa, ili hata mwanaume asiye na nyumba asiponyoke.

Lengo halikuwa kujaza hazina tu. Walowezi waliokuwa wamegawiwa ardhi ya Bonde la Ufa walihitaji mikono, na mtu mwenye mbuzi na shamba lake hana haja ya kumlimia mwingine. Lakini mbuzi hawakubaliwi ofisi ya DC. Ukidaiwa kodi ya pesa taslimu, lazima uende pesa iliko, na ilikuwa shambani kwa mzungu. Sheria ya 1918 ikamfunga skwota zaidi: siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kuishi hapo na familia yake. Na kodi bado alipe.

Baada ya Vita vya Kwanza kodi ilipanda hadi shilingi 16, wakati walowezi wanataka kukata mishahara kwa thuluthi. Hapo ndipo Harry Thuku alipoinuka. Alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na watu wakapigwa risasi. Mwaka huo huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kwa hivyo ukiwaona vijana wa Juni 2024 barabarani, hata hapa Nakuru, wakikataa Mswada wa Fedha, jua kwamba hawakuanzisha jambo jipya. Nchi hii imebishana kuhusu kodi mitaani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa tazama upande wa pili wa ua. Walowezi nao waliletewa kodi ya mapato baada ya vita hivyo, wakapiga kelele, ikaondolewa 1922. Ilirudi 1937. Lakini sheria za kodi hiyo zilikuwa na adabu ya ajabu: zilimuuliza mlipaji kama ana mke, kama ana watoto, kisha zikampunguzia. Yaani mke wa mwenye nyumba kubwa alipunguza kodi, na mke wa babu wa Mama aliiongeza.

Baada ya uhuru tuliendelea na kodi ya kichwa kwa jina jingine, hadi ikafutwa Januari 1974. Siku hiyo hiyo ilianza kazi Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973, ambayo tunayo mpaka leo. Zamani ilikuwa na nafuu tofauti: ya mtu asiyeoa, ya mwenye familia, na moja maalum ya mzazi anayelea peke yake. Haikuwa peponi. Kifungu cha 45 kilisema mapato ya mke anayeishi na mumewe ni mapato ya mume. Lakini angalau iliuliza una nani nyumbani. Baadaye nafuu hizo ziliunganishwa, ikabaki moja kwa wote.

Nafuu hii ya kibinafsi ndiyo nataka uielewe. Haipunguzwi kwa mshahara, inapunguzwa kwa kodi yenyewe. Miaka nenda miaka rudi ilikuwa shilingi 1,162 kwa mwezi. Ikawa 1,280 mwaka 2017, 1,408 mwaka 2018, na Aprili 2020, korona ikiwa imetubana, ikaruka hadi 2,400. Namba hiyo haikutoka hewani: shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Kwa hivyo ukitozwa kwa 24,000 au chini, nafuu inameza kodi yote.

Chukua Mama. Analipwa 30,000. Mwaka jana ilikuwa hivi: NSSF 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450. Zinabaki 26,925 za kutozwa kodi. Kodi ni 3,131.25, toa 2,400, analipa 731.25. Mwenzake kazini ni kijana hana mke hana mtoto, mshahara sawa. Naye analipa 731.25. Mama amelea watoto watatu peke yake, na bado ana mmoja sekondari.

Kwingine wanafanya tofauti. Marekani tangu 1975 ina nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo huongezeka ukiwa na watoto, na ikizidi kodi yako, serikali inakutumia salio. Hapa nafuu ikifika sifuri inasimama.

Lakini hata hiyo kidogo, wengi wetu tunaiacha. Huu ndio ujinga wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nikaanza kuandika. Mwaka mmoja nililipwa mara sita, 30,000 kila mara, na kila mara mteja alikata asilimia 5 kwa niaba ya KRA. Hiyo ni 9,000 kwa jumla. Juni 30 ikakaribia, nikaenda saiba, nikalipa 200, jamaa akanijazia fomu ya sifuri kama anavyowajazia wote. "Si hauna kazi?" Nikasema sina. Nikatoka nimefurahi.

Mapato yangu yalikuwa 180,000. Asilimia 10 ni 18,000. Nafuu ya mwaka ni 28,800, na si ya walioandikwa pekee. Kodi yangu ilikuwa sifuri, na zile 9,000 zilikuwa zangu. Kwa kujaza sifuri niliapa kwamba sikupata kitu, basi hakuna cha kurudishiwa.

Sheria inakupa miaka mitano kurekebisha. Wikendi iliyopita nilikaa na Mama kwa simu yangu, tukajaza upya, mapato yote na makato yote. Alisoma fomu kwa makini, mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani.

"Mbona," aliuliza, "hakuna mahali wanauliza mtu ana watoto wangapi?"

Nilimwambia zamani walikuwa wanauliza.