Kichwa Wazi na Ushungi katika Picha za Kale za Unguja

Baadhi ya ndugu zetu wakiziona picha za wasichana wa Unguja zilizopigwa na akina Gomes na Coutinho, Wagoa, mwishoni mwa karne ya 19, huuliza: vipi hawa wako vichwa wazi katika mji uliojaa misikiti na wanavyuoni?

Tunasema, tusiharakishe kuhukumu. (Na mpiga picha naye alikuwa na wateja wake wa Kizungu.) Kabla ya mwaka 1897 kichwa wazi kilikuwa alama ya utumwa, wala si ya uchache wa dini. Desturi ya pwani ilimzuia mjakazi kujitanda kama waungwana. Katika fiqhi, jamhuri ya wanavyuoni hawakukihesabu kichwa cha mjakazi kuwa uchi, na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliwakataza wajakazi kujifananisha na waungwana. Ibn Hazm wa Andalusia (aliyefariki 456 Hijria) aliikataa tofauti hiyo. Kwake amri ya stara ni moja kwa wanawake wote wa Kiislamu.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad aliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria, ingawa masuria walingoja hadi 1909. Walioachwa huru walijitanda kanga na ukaya, kisha buibui. Ushungi ukawa tamko la uungwana kwa yule aliyenyimwa. Kufikia miaka ya 1930 binti wa bwana na binti wa aliyekuwa mtumwa walivaa buibui lile lile, na picha haituambii tena nani ni nani.