Wapelelezi wa Malisho na Majaribio ya Dawa za Saratani

Wafugaji wa Bute, kaskazini mwa Wajir nchini Kenya, hawahamishi mifugo kwa kubahatisha. Mvua ikikatika, hutangulizwa watu wenye jicho la kukagua maji na malisho, na wazee huamua baada ya kusikia habari zao. Kwa Kisomali kazi hiyo ni sahan. Waborana huiita aburu. Watafiti wa saratani nao wamebuni jaribio la dawa linalojirekebisha njiani, bila kungoja mgonjwa wa mwisho. Mapokeo haya mawili yanahangaika na swali moja: utaamuaje mapema, kwa habari haba, bila kuwaangamiza unaotaka kuwaokoa?

Yanakubaliana kwanza kwamba dawa moja haiwafai wote. Mpelelezi akisema tu kuwa kuna majani hajasema kitu: ngamia hula matawi, ng'ombe hutaka nyasi. Waborana hugawa hata kundi la aina moja: wanaokamwa hubaki karibu na boma, warra, na wasiokamwa hupelekwa mbali, fora. Hali ya mnyama ndiyo huamua njia yake.

Jaribio la BATTLE la hospitali ya MD Anderson, Texas, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, lilifuata mantiki hiyo kwa wagonjwa 255 wa saratani ya mapafu. Kila mmoja alitolewa kipande kipya cha uvimbe, kikapimwa viashiria vyake. Mwanzoni matibabu manne yaligawanywa kwa kura yenye uzito sawa. Baadaye kura ikaelemea matibabu yaliyokuwa yakiwafaa wenye viashiria vinavyofanana. I-SPY 2, lililoanza mwaka 2010 kwa saratani ya matiti, lilisonga mbele zaidi. Dawa iliyoelekea kushindwa iliondolewa, na nyingine ikaingia humo humo. Ile ambayo hesabu iliipa uwezekano wa angalau asilimia 85 wa kufaulu katika jaribio la wagonjwa 300 ilihitimu.

Yanapoachana ni kwenye kura. Sahan haina kura. Mzee humpima mpelelezi kwa sifa yake, na aliyefika bondeni siku chache baada ya mvua anaweza kuwapotosha wote bila kukusudia. Sayansi nayo imewahi kuponzwa na haraka. Mwaka 1985 kulichapishwa jaribio la Michigan la mashine ya kuingiza oksijeni kwenye damu ya vichanga walioshindwa kupumua. Kanuni yake ilikuwa kumfuata mshindi, yaani kura kuelemea matibabu yaliyofaulu. Kichanga mmoja tu aliangukia matibabu ya kawaida, akafa. 11 waliowekwa kwenye mashine walipona. Wengi walikataa ushahidi uliosimama juu ya kichanga mmoja. Ndiyo maana sheria za kubadilisha njia huandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza, na matokeo ya katikati hutazamwa na kamati huru.

Nidhamu hiyo imewezekana hata penye vita. Mashariki mwa Kongo, jaribio la PALM la tiba za Ebola lilianza Novemba 2018, na tiba ya nne ikaongezwa likiwa linaendelea. Agosti 2019 kamati ilishauri mbili zilizoonekana dhaifu zisimamishwe, na wagonjwa waliofuata wakapewa mbili zilizookoa wengi zaidi.

Lakini sahan inaishinda maabara kwa mambo mawili. Anayemtuma mpelelezi atakunywa kwenye kisima kile kile, hivyo hasara ni yake pia. Tena habari hurudi kabla kundi halijaondoka. Jaribio linalojirekebisha hufa pale majibu yanapochelewa kuliko wagonjwa: kama kipande cha uvimbe wa umio kutoka Bute kinasafirishwa mbali na kungojewa wiki kadhaa, kura haina cha kujifunza, na mgonjwa hana cha kungojea. Kuwa na kituo cha saratani Garissa hakutoshi ikiwa kipimo chenyewe kiko mbali zaidi.

Hukumu yangu ni hii: anayetaka kuleta majaribio ya aina hii kaskazini mashariki aanze na maabara ya kuchunguza tishu na usafiri wa sampuli, dawa zifuate. Na kamati inayoamua iwe na mtu wa huko, kwa sababu wafugaji hawamwachii asiye na mifugo aamue pa kuhamia.