Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kupanga: jinsi ya kumkinga mtoto

Usiku wa Karagwe na Kyerwa huwa wa baridi, hasa mwezi Juni na Julai. Katika vyumba vya kupanga, iwe Igurwa, Kayanga au Nkwenda, familia nyingi hupika na kulala katika chumba kimoja. Hatari huanza pale jiko la mkaa linapoachwa ndani baada ya chakula ili watoto wapate joto.

Kwa nini mkaa ni hatari?

Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Ukiivuta, huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila kuamka. Watoto wadogo hudhurika haraka kwa sababu hupumua kwa kasi kuliko watu wazima. Mama akiwa mjamzito, sumu humfikia mtoto aliye tumboni.

Mkaa uliofunikwa na majivu bado hutoa sumu hiyo. Sufuria ya maji juu ya jiko haiiondoi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Moshi wa kuni nao huwaletea watoto nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Dalili

- Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika
- Kuishiwa nguvu au kuchanganyikiwa
- Mtoto kulegea, kusinzia kupita kawaida au kukataa kunyonya

Dalili hizi hufanana na za malaria. Shuku sumu ya mkaa ikiwa watu kadhaa chumbani wameugua kwa pamoja, hawana homa, au wanapata nafuu wakitoka nje.

Ufanye nini?

1. Watoe wote nje mara moja, kisha fungua milango na madirisha.
2. Ita majirani. Kwa uokoaji, piga 114, Zimamoto.
3. Wapelekeni kituo cha afya hata kama wamepata nafuu, na mweleze mhudumu kwamba jiko la mkaa lilikuwa ndani.

Kupata joto bila mkaa

- Pika nje au barazani. Usiku, jiko libaki nje, mbali na mlango na dirisha.
- Mvalishe mtoto nguo kavu za tabaka kadhaa, kofia na soksi. Usimfunike uso.
- Mtoto aliyezaliwa karibuni hupata joto zuri akiwekwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ukiwa macho.
- Tandika mkeka au blanketi chini ya godoro lililo sakafuni.
- Ziba nyufa za mlango zinazopitisha upepo, lakini usizibe matundu ya hewa.

Zungumza na mwenye nyumba

Katika nyumba nyingi za vyumba vya mstari, kuta haziishii kwenye bati. Sumu ya jiko la jirani inaweza kupita juu ya ukuta hadi kwako, kwa hiyo wapangaji waende pamoja. Mnaweza kuomba:

- Banda la jiko la pamoja nje
- Matundu ya hewa juu kwenye kuta zinazotazamana, yenye wavu wa kuzuia mbu
- Dohani inayotoa moshi juu ya paa, isiyovuja, wala isiyoishia darini
- Dari ya kupunguza baridi ya bati, isiyoziba matundu

Mkikubaliana kuwa mpangaji atalipia na fedha zikatwe kwenye kodi, andikeni kiasi na tarehe, kisha nyote mtie sahihi kabla ya fundi kuanza. Mkishindwa kuelewana, mwoneni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji.

Matengenezo huweza kuchelewa. Kutoa jiko nje kabla ya kulala kunawezekana usiku wa leo.